Tembe ya damu haipatani na kikombe cha chai

Nilipobeba mimba yangu ya kwanza nilimeza tembe za kuongeza damu kila asubuhi bila kukosa. Nilizimeza wakati wa staftahi, kwa chai ya rangi na mahamri, kwa sababu hapo ndipo nilipozikumbuka. Niliporudi kliniki na kupimwa, damu ilikuwa imepanda kidogo mno. Muuguzi hakuniuliza kama namezea. Aliuliza, "Unamezea nini?" Nikamwambia chai. Akacheka, kisha akanieleza jambo ambalo kina mama wengi hapa Kilifi bado hawajaelezwa.

Tembe tunayopewa kliniki ina miligramu 60 za madini ya chuma, pamoja na asidi ya foliki. Mwili hutumia chuma hicho kutengeneza himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba hewa ya oksijeni kutoka mapafuni hadi kila pembe ya mwili. Wakati wa ujauzito kiasi cha damu ya mama huongezeka, na mtoto naye huchukua fungu lake la chuma. Mahitaji hufika takriban miligramu 27 kwa siku, kiwango ambacho ni vigumu kukipata kwa sima na mboga peke yake. Himoglobini ya mjamzito ikishuka chini ya gramu 11 kwa desilita, huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu. Huchoka, hupumua kwa shida, husikia kizunguzungu. Hatari kubwa huja siku ya kujifungua, kwa kuwa kila mama hupoteza damu anapozaa, na aliyeingia chumba cha uzazi na damu kidogo hana akiba. Damu kiasi ambacho mwenzake angeistahimili yaweza kumtoa yeye roho.

Sasa turudi kwenye chai. Majani ya chai yana tanini, ndiyo ile inayokausha ulimi ukinywa chai kali. Tanini hushikana na chuma tumboni, na chuma kilichoshikwa hivyo hakipenyi kuingia kwenye damu. Hupita tu na kutoka. Kikombe kimoja pamoja na chakula chaweza kupunguza kwa zaidi ya nusu chuma ambacho mwili ungekipata. Kahawa nayo ina kosa hilo hilo. Chai ya maziwa haikuokoi pia, maana kalisiamu ya maziwa hushindana na chuma. Hakuna anayekuambia uache chai (mimi mwenyewe nisingekubali). Iache chai ikae mbali na tembe na mbali na mlo mkuu: saa moja kabla, au saa mbili baada.

Mahali pa chai weka kitu kichachu. Vitamini C husaidia chuma kupenya, na huku Pwani hatuikosi: ndimu, chungwa, pera, embe. Ubuyu nao umo, ila nasema ule mweupe wa kubanduliwa kwenye kokwa, si mabuyu ya rangi yaliyopikwa kwa sukari. Chuma cha mboga na nafaka, yaani mchicha, kisamvu, kunde, pojo, wimbi, ni kigumu kufyonzwa kuliko kile cha nyama na samaki. Lakini ukikamua ndimu juu ya mchicha baada ya kuuepua, au ukitia vipande vichache vya samaki kwenye mboga hiyo, mwili hupata zaidi kutoka sahani ile ile. Kamulia ndimu mezani, si jikoni, kwa sababu vitamini C huharibika kwa moto.

Wapo wanaoacha tembe kwa sababu ya kichefuchefu, kufunga choo, au choo kuwa cheusi. Choo cheusi kinachotokana na tembe hizi si ugonjwa. Kichefuchefu hupungua ukimeza usiku baada ya chakula. Likizidi, rudi kliniki uzungumze nao badala ya kuzificha chini ya godoro.

Jambo jingine linalosemwa kwa aibu ni udongo. Yale mawe laini yauzwayo sokoni yana wateja wengi, na wengi wao ni wajawazito. Hamu ya kula udongo mara nyingi hufuatana na upungufu wa chuma, lakini udongo wenyewe hauutibu. Waweza kushika chuma tumboni kama chai ifanyavyo, na waweza kukuletea mayai ya minyoo. Mwambie muuguzi kama unaula. Si wewe wa kwanza kumwambia.

Wala si kila upungufu wa damu unatokana na chakula. Malaria huvunja chembe za damu, minyoo ya safura huinyonya, na siko seli ni maradhi ya kurithi. Ndiyo maana kupimwa hakuna badala, na ndiyo maana mjamzito hulala ndani ya neti hata msimu ambao mbu ni wachache.

Kuna madini mengine tuliyo karibu nayo bila kuyapata. Mashamba ya Gongoni na Marereni, kule Magarini, hutoa sehemu kubwa ya chumvi inayoliwa Kenya. Wapo wanaoamini kwamba chumvi ikitoka baharini basi ina ayodini ya kutosha. Haina. Ayodini huongezwa kiwandani, kwa mujibu wa sheria, kabla ya pakiti kufungwa. Chumvi ghafi ya kununua kwa ndoo haijafika hatua hiyo. Mjamzito anahitaji mikrogramu 250 za ayodini kwa siku. Ni punje ndogo sana, lakini akizikosa sana, ubongo wa mtoto huathirika tangu tumboni, na hasara hiyo hairudishwi baadaye. Nunua chumvi ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina ayodini, ihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko mbali na jua na mvuke, na uitie chakula kinapokaribia kuiva. Si lazima kuitia nyingi. Kijiko cha kawaida cha familia kinatosha.

Tembe za kuongeza damu hutolewa bila malipo katika kliniki za wajawazito za umma. Nenda na kijitabu chako cha mama na mtoto, hata kama mimba bado changa. Ukiwa na tembe nyumbani, ziweke juu, mahali ambapo mtoto hafiki: zinafanana na peremende, na mtoto mdogo akizimeza nyingi zaweza kumuua. Akizimeza, usingoje aanze kutapika. Mpeleke hospitali mara moja, na ubebe pakiti.