Kutandika Matofali ya Uani Katika Pwani Zenye Baridi

Katika pwani ya Maine, Marekani, adui wa sakafu ya nje si uzito, bali ni maji. Maji yakiganda huvimba kadiri ya sehemu 1 katika 11, nayo huinua matofali na kuyapasua. Kwa hiyo hapana budi kuondoa udongo na kutia kokoto za mawe yaliyopondwa, kimo cha inchi 6 au zaidi, na kuzishindilia tabaka kwa tabaka. Wengi huiharakisha kazi hii, kwa kuwa haitaonekana. Juu yake tandaza mchanga inchi 1, wala usiushindilie kabla ya kupanga matofali. Chagua yasiyonywa maji mengi, maana maji yenye chumvi yakiganda huzidi kuyamenya. Sakafu na iinamie mbali na nyumba, inchi 1 kwa kila futi 4.