Kaye ya Ndule: Wapenzi wa Muziki wa Bukavu

Bukavu mtu hawi mpenzi wa muziki kwa kusikiliza tu. Anayestahili jina hilo ni yule anayejua wimbo ulitoka mwaka gani, nani alipiga gita la solo, mwimbaji alihama okestra gani na kwa ugomvi upi. Ukimwamsha usiku kwa swali la namna hiyo, atakujibu kabla hajauliza kilichokuleta. Kadutu, Nyawera, Bagira, kila mtaa una watu wake wa aina hii. Vijana wakibishana juu ya ndule (muziki) ya zamani hupelekwa kwa papa (mzee) fulani, na neno lake ndilo linalofunga mjadala. Huenda papa huyo hana gari wala nyumba ya matofali. Heshima yake ameipata kwa miaka mingi ya kusikiliza, kuandika na kuwagawia wengine.

Huko kuandika ndiko kunakonigusa zaidi, kwa sababu ndiko kunakosahaulika kwanza.

Mji wetu, mashariki mwa Kongo, uko mbali na studio za Kinshasa. Kati ya Bukavu na Kinshasa kuna kilomita 1,500 hivi, na hakuna barabara ya kutegemea. Kwa miongo mingi wimbo ulifika kwa ndege kwenye uwanja wa Kavumu, kwa mashua kutoka Goma, au ulivuka mto Ruzizi pamoja na wafanyabiashara wa Bujumbura na Kigali. Nyimbo nyingine tulizipata kwa redio ya masafa mafupi, usiku, sauti ikija na kupotea. Mkazi wa Kinshasa aliweza kungoja Jumamosi akamwone mwanamuziki Franco kwa macho yake. Wa Bukavu alichokisikia leo hakujua atakisikia tena lini. Ndiyo maana akashika biki.

Haikuwa rumba tu. Kizazi kilichoipenda soul, muziki wa Wamarekani weusi, kwa moyo wote ni kile kilichokuwa shuleni mwishoni mwa miaka ya 1960. Kumbuka walikotoka. Kuanzia Agosti hadi mwanzoni mwa Novemba 1967, mamluki wa Jean Schramme waliushika mji wa Bukavu. Watu walikimbia, na waliporudi walikuta nyumba zimebomolewa na maduka yameporwa. Desemba ya mwaka huohuo mwimbaji wa soul Otis Redding alikufa katika ajali ya ndege huko Wisconsin, Marekani, akiwa na miaka 26. Miezi iliyofuata sauti yake ndiyo iliyokuwa ikizunguka duniani, pamoja na ya Aretha Franklin, Wilson Pickett na James Brown. Sioni ajabu kwamba vijana waliotoka kuzika watu wao walizipokea sauti hizi kama za ndugu. Kiingereza hawakukijua. Waliandika walichokisikia, kwa tahajia ya Kifaransa, silabi baada ya silabi, wakaimba hivyo hivyo na machozi yakawatoka.

Upande wa pili wa Ziwa Tanganyika mambo yalikwenda vingine. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam, kwa hoja kwamba unawapotosha vijana na utamaduni wa taifa. Kwetu soul iliingia ndani ya okestra zenyewe. Zaïko Langa Langa ilizaliwa Desemba 1969 ikiwa na vijana waliotaka ngoma izungumze kwa nguvu zaidi. Mwimbaji Rochereau alipopanda jukwaa la Olympia, Paris, mwaka 1970, wacheza shoo na mwendo wake vilionyesha kwamba Wamarekani amewatazama vizuri. Kisha wakaja Trio Madjesi, mwaka 1972, ambao mashabiki waliwapenda kwa kucheza kwa jasho kama James Brown huku rumba ikibaki rumba. Basi James Brown mwenyewe alipotua Kinshasa Septemba 1974, pamoja na B.B. King, Bill Withers na Etta James, kwa tamasha la siku tatu katika Stade du 20 Mai, kwa wapenzi wa kwetu Kivu ilikuwa kama harusi ya mtoto wao iliyofanyika mji ambao hawakuwa na nauli ya kuufikia. Waliobahatika kwenda walisimulia. Waliobaki waliandika masimulizi.

Waliandika ndani ya kaye, daftari la shule. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jina la mwenyewe kwa herufi za mapambo, na mara nyingi onyo kwa atakayelichafua. Kisha nyimbo: maneno yote, jina la mtunzi, okestra, mwaka kama ulijulikana. Picha zilikatwa kutoka magazeti na kubandikwa kwa uji wa mihogo pale gundi ilipokosekana. Palipo na shaka katika neno paliachwa nafasi, hadi wimbo upigwe tena redioni au mtu mwenye diski apite. Kaye haikukaa nyumbani kwa mwenyewe. Iliazimwa, ikanakiliwa na yaya (ndugu mkubwa) wa jirani, ikavuka mtaa, ikarudi na masahihisho pembeni kwa wino wa rangi nyingine. Mtu aliweza kugombana na rafiki aliyekaa na kaye yake wiki mbili bila kusema neno.

Magazeti ya kuchapwa yalikuwepo, ila yalifika machache na yamechelewa. Kutoka Dakar lilikuja *Bingo*, lililoanzishwa 1953. Kutoka Kinshasa, tangu 1968, lilikuja *Jeunes pour Jeunes* la Achille Ngoie na Freddy Mulongo, lenye katuni na lugha ya vijana wa mjini. Serikali ilipoleta siasa ya uhalisi, ya kukataa majina ya kigeni, jina hilo la Kifaransa liliachwa, likaitwa *Kake*. Nakala moja ilisomwa na mtaa mzima mpaka karatasi ikalegea. Kuanzisha gazeti lako chini ya chama kimoja hakukuwa jambo la kujaribu kirahisi, na mashine za stensili zilikuwa mikononi mwa misheni na ofisi. Kaye haikuhitaji ruhusa ya mtu.

Katika miaka ya 1960 Uingereza kulikuwa na Dave Godin, shabiki aliyeanzisha chama cha wapenzi wa Motown, akawatumia wanachama kijarida chake kwa posta, hata Berry Gordy, mwenye kampuni hiyo ya muziki, akamwalika Detroit. Leo Waingereza wanavitunza vijarida hivyo vya mashabiki na watu wanaandika vitabu juu yavyo. Nikivisoma namkuta mtu ninayemjua. Hasira yake kwa anayekosea jina la mpiga besi ni ileile. Tofauti ni stempu na mashine ya uchapaji. Kwangu mimi kaye ya Bukavu ni uchapishaji kamili: ina mhariri, ina wasomaji, ina masahihisho.

Redio ndiyo iliyoupa mtandao huu sauti. Salamu na nyimbo za maombi zilikuwa njia ya kujulishana nani bado yupo hai, nani amehamia Uvira, nani amepata mtoto. Jina lililosomwa mara nyingi pamoja na wimbo uleule lilijulikana mji mzima, hata kama sura haikujulikana. Radio Maendeleo ilipoanza, mwaka 1993, ikajenga vilabu vya wasikilizaji, na kuketi pamoja mbele ya redio halikuwa jambo la kufundishwa.

Siku hizi kazi ya mwenye kaye ameichukua kroniker, yule mchambuzi wa muziki redioni na kwenye simu. Wapo wazuri. Lakini wengi wanalipwa na msanii wanayemsifu, na mzee wa kaye hakulipwa na mtu. Alikuwa huru kusema kwamba wimbo wa kipenzi chake ni mbaya, na alisema.

Hasara tuliyopata sijui ihesabiwe vipi. Vita vya 1996, uporaji wa Juni 2004, mioto ya Kadutu, na kuhama tena na tena: mtu anayekimbia hubeba mtoto na sufuria. Kaye zilizobaki, nyingine zimechanwa kufungia karanga sokoni na watoto wasiojua ni nini. Tangu Desemba 2021 rumba ya Kongo imo katika orodha ya urithi wa UNESCO, na mikutano mingi imefanyika kuisherehekea, karibu yote ikizungumzia wanamuziki. Wasikilizaji walioushika muziki huo kwa mkono hawatajwi. Vyuo vikuu vyetu vya Bukavu vina wanafunzi wa historia na wa lugha, na simu ya kawaida inatosha kupiga picha ukurasa. Waanze na wajomba na mashangazi zao wenyewe, maana mama nao waliandika, na kaye zao ndizo zenye maneno ya nyimbo za mwimbaji Abeti Masikini yaliyokamilika. Wawaulize pia kuhusu nafasi zilizoachwa wazi, maadamu wangalipo wa kuzijaza.