Je, Wajua? Majibu ya chemsha bongo yaliyo jirani

Vita vifupi kuliko vyote katika historia vilipiganwa Zanzibar, Agosti 27, 1896. Havikufika hata saa moja. Ziwa la pili kwa kina duniani ni Tanganyika, na Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Nobel ya Fasihi 2021, ni mzaliwa wa Zanzibar.

Ila swali ninalolipenda kuliko yote ni la sayansi. Mwaka 1963 mwanafunzi Erasto Mpemba, akihofia kukosa nafasi kwenye friji, alitia maziwa ya aiskrimu yakiwa bado moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambaye hakuyachemsha kabisa! Darasani alichekwa, lakini hakuchoka kuuliza. Mwaka 1969 yeye na mwanafizikia Denis Osborne wakachapisha makala, na wanasayansi wanabishania jambo hilo hadi leo.