Mita kumi za mwisho

Mwezi ukiwa mpevu, visiwani dagaa hawavuliwi, na siku chache baadaye mwalo wa Kirumba, Mwanza, nao hupoa. Taa za wavuvi hazina mvuto mbele ya mbalamwezi. Makuli hucheza drafti, mama lishe hupunguza unga, mafundi huzipandisha nchi kavu boti zinazovuja na kuzikalafati. Giza likirudi visiwani, magunia huanza kuingia, na malori ya Congo, Rwanda na Burundi hujipanga tena.

Biashara ya kiasi hicho haina gati. Boti ya mbao inapokaribia, nahodha huinua injini ili pangaboi isikwangue mchanga, mtu huruka na kamba, na makuli huingia majini hadi kiunoni. Gunia hutoka botini likiwa kavu, kisha hupita juu ya kichwa cha mtu anayepapasa mawe kwa miguu. Akiteleza, mwenye mzigo amepata hasara hapohapo, kwa kuwa dagaa wakilowa hushuka daraja: waliokuwa wa mezani huuzwa kwa watengeneza chakula cha kuku. Mzigo umesafiri usiku kucha salama, umeharibikia mita kumi za mwisho.

Fedha kubwa ya Ziwa Victoria imekwenda kwenye vyombo vikubwa, na sibezi. MV Victoria, ya tangu miaka ya 1960, ilirudi kazini 2020 baada ya ukarabati. MV Mwanza ina urefu wa mita 92.6, na uwezo wa kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo. Daraja la Kigongo–Busisi, kilometa 3, lilifunguliwa Juni 2025 na kuondoa foleni ya kivuko. Lakini kisiwa cha Goziba hakina daraja, wala meli ya mita 92 haiendi kufuata magunia arobaini kisiwani Ukara. Huko inakwenda boti, na boti inarudi mwaloni.

Waheshimiwa wakisikia gati, hufikiria zege lililosimama. Ziwa hili halikubali. Mwaka 2006 maji yalishuka vibaya. Mei 2020 yalifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, Uganda, yakapita rekodi ya miaka ya 1960 na kumeza mialo mingi. Gati la kimo kimoja mwaka huu linaning'inia, mwaka ule limezama. Linalofaa ni gati la kuelea lililofungwa kwenye nguzo, likipanda na kushuka na maji, na kando yake mteremko wa zege wa kuvutia boti. Boti za starehe wala hazina shida: zina klabu, zina hoteli zenye gati lake. Asiye na pa kuegesha ni anayelipa ushuru kila safari.

Na si hasara ya dagaa tu. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Septemba 20, 2018 kikiwa kimejaza kupita kiasi, karibu kabisa na gati la Ukara, kikaua zaidi ya watu 220. Kufika ni sehemu ya safari.

Mwaloni, abiria asiyetaka kulowa hubebwa mgongoni kwa malipo. Asubuhi ziwa likiwa shwari, watu hupatana huku wakitaniana. Upepo ukianza na boti ikiyumba, kuli hutaja bei mara moja, na hapunguzi.