Sentimita saba kwenye mdomo wa ngazi

Mubi, katika wilaya ya Walikale mashariki mwa Kongo, ilikua kwa hela ya kasiterite, madini ya bati. Baada ya madini hayo kugunduliwa Bisie mwanzoni mwa miaka ya 2000, wachukuzi walibeba magunia mgongoni, wakakatiza pori hadi Njingala, na biashara ikapata makao barabarani. Bidhaa za Goma zilifika kwa ndege ndogo zilizotua kwenye barabara ya lami ya Kilambo, au kwa lori lililopambana na matope. Simenti inayosafiri hivyo haina nafasi ya kupotezwa. Anayejenga ghorofa hapa hawezi kumudu kubomoa ngazi.

Na ngazi huharibiwa na sakafu. Chukua nyumba yenye mita 3 kutoka beto ya chini hadi beto ya juu, ngazi ina vipandio 18, kila kimoja sentimita 16.7. Ngazi imekwisha, ndipo fundi anamwaga sakafu juu ya beto: sentimita 5 chini, 7 juu pamoja na kihami, yaani tabaka la kuzuia joto au sauti. Kipandio cha kwanza kimebaki 11.7, cha mwisho kimefika 23.7. Mama anayepanda na ndoo ya maji atajikwaa palepale kila siku, kwa sababu mguu umeshazoea kimo cha vipandio vya katikati. Hesabu sahihi hupimwa kutoka sakafu iliyokamilika hadi sakafu iliyokamilika: sentimita 302, yaani 16.8 kwa kila kipandio. Kwa hiyo unene wa sakafu zote mbili uamuliwe kabla ya mbao za ngazi kupigwa misumari.

Kihami chenyewe kinahitaji busara. Ulaya hukiweka kuzuia baridi. Walikale ni joto na mvua, na joto la mchana hutoka kwenye bati, kwa hiyo hela ya kuzuia joto iende darini. Kati ya ghorofa mbili, hasa duka likiwa chini na watoto wamelala juu, kinachosumbua ni kelele. Hapo tandika kihami kinachonyumbuka kidogo lakini kinachostahimili uzito, funika kwa shitingi, weka ukanda mwembamba wa kihami kuzunguka kuta, ndipo umwage sakafu isiyopungua sentimita 6. Ikigusa ukuta mahali pamoja tu, sauti itapita hapo.

Ukingo wa tundu la ngazi ndio mahali dhaifu kuliko pote, maana kila anayepanda au kushuka huukanyaga. Funga ubao mgumu au chuma cha pembe kwenye beto, juu yake pawe sawa na sakafu itakayokuja, na ukanda wa kihami uvitenganishe na sakafu. Nguzo za mkono wa ngazi zishikwe na beto yenyewe.

Mchanga wa mto utikiswe kwanza ndani ya chupa ya maji. Tope likitanda nene juu, uoshwe. Changanya sehemu moja ya simenti kwa nne za mchanga, maji kidogo: ukiufinyanga mchanganyiko mkononi ushikane bila kuchuruzika. Ushindiliwe sana, hasa ukingoni, kisha ufunikwe kwa shitingi siku 7 ukiwa na unyevu. Siku hizo zote tundu lizibwe kwa mbao nzito zilizoegemea beto nje ya sakafu mbichi, au ngazi ifungwe kabisa kutoka chini, kwani watoto hupanda popote penye njia.