KONEA YA KUPANDIKIZWA: MATOKEO YAKE HUTEGEMEA NINI?



Chokaa, asidi, chembe za chuma, miba ya mkonge na majani ya miwa ni maadui wa macho yetu kila siku ya kazi. Mfanyakazi akiumia, jicho likaweka kovu jeupe, mara nyingi husikia maneno haya: "Usihofu, siku hizi macho yanapandikizwa." Maneno hayo yana ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Tumeona ni wajibu wetu kueleza jambo hili kwa ukamilifu, ili mfanyakazi asikubali kufunga madai yake kwa ahadi ya jicho jipya.

Kwanza tuelewane. Hakuna daktari apandikizaye jicho zima ili lione. Kinachopandikizwa ni konea, yaani kile kioo kiangavu cha mbele kinachofunika mboni. Ikiwa uharibifu umefika nyuma ya jicho au kwenye mshipa wa fahamu, konea mpya haitasaidia kitu.

MWANZO ULIKUWA WA KIBARUA

Upandikizaji wa kwanza wa konea ya binadamu uliofaulu ulifanywa na Dk. Eduard Zirm tarehe 7 Desemba, 1905, katika mji wa Olomouc, ambao leo umo katika Jamhuri ya Cheki. Mgonjwa wake, Alois Glogar, alikuwa kibarua aliyeunguzwa macho yote mawili na chokaa. Konea ilitoka kwa mvulana wa miaka 11 ambaye jicho lake lilipasuliwa na vipande vya chuma, ikabidi liondolewe. Upande mmoja haukufaulu. Upande wa pili uliendelea kuwa angavu, na Glogar akarudi kazini. Tangu siku hiyo swali limekuwa lile lile: kwa nini konea moja hubaki angavu na nyingine huingia ukungu?

CHEMBE ZISIZOZALIWA UPYA

Upande wa ndani wa konea una tandiko moja tu la chembe hai. Kazi yake ni kama ile ya pampu mgodini: huvuta maji yasijae ndani ya konea. Chembe zikipungua mno maji hujaa, konea huvimba, na mtu huona kama anayetazama kwa dirisha lenye mvuke. Kwa binadamu chembe hizo zikifa hazizaliwi nyingine mahali pake.

Kwa hiyo benki ya macho, yaani mahali konea zinapopokelewa na kukaguliwa, huzihesabu kwa hadubini. Mtu mzima mwenye afya huwa na kama 2,500 hadi 3,000 katika kila milimita mraba. Benki nyingi hazikubali konea yenye chini ya 2,000 hivi kwa upasuaji wa kurudisha uwezo wa kuona. Zikishuka karibu na 500, uvimbe unakuwa karibu. Akiba hiyo ni muhimu kwa sababu chembe huendelea kupungua baada ya upasuaji, na kwa kasi kuliko katika jicho lisiloguswa.

UMRI WA MTOAJI

Wengi hudhani jicho la mzee halifai. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani tangu mwaka 2000, wenye wagonjwa zaidi ya 1,000, ulijaribu dhana hiyo. Konea za watoaji wa miaka 12 hadi 65 zililinganishwa na za miaka 66 hadi 75. Baada ya miaka 5, asilimia 86 zilikuwa bado nzima katika makundi yote mawili. Baada ya miaka 10 zilikuwa asilimia 77 kwa kundi la kwanza na asilimia 71 kwa la pili. Mzee mwenye konea yenye chembe za kutosha anaweza kumpa mtu miaka mingi ya kuona. Hata aliyevaa miwani maisha yake yote anaweza kutoa.

Jambo lisilo na mjadala ni magonjwa. Mwaka 1978, huko Marekani, mgonjwa alikufa kwa kichaa cha mbwa kilichotoka katika konea aliyopandikizwa. Aliyeitoa alikufa kwa ugonjwa huo bila kutambuliwa. Ndiyo maana damu ya mtoaji hupimwa virusi vya UKIMWI na homa ya ini, na jamaa huulizwa kwa makini jinsi alivyougua. Maswali hayo si udaku. Ni kinga ya mpokeaji.

SAA NA BARIDI

Baada ya kifo chembe huanza kufa. Nchini India jamaa huambiwa wasizidishe saa 6 kabla ya konea kutolewa. Pia huelekezwa wayafumbe macho ya marehemu, waweke pamba iliyoloweshwa juu ya kope, wazime feni na kuinua kichwa kidogo. Kazi yenyewe ni fupi, na uso wa marehemu hauharibiwi.

Zamani jicho zima liliwekwa penye baridi na kutumiwa upesi, kwa siku moja au mbili. Mwaka 1974 ilitangazwa dawa ya maji iliyohifadhi konea kwa siku 4, na zilizofuata zimefikisha hadi siku 14 katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Lakini kuchelewa kuna gharama yake. Uchunguzi mwingine wa Marekani, uliotangazwa 2017, ulitazama upasuaji wa kubadilisha tandiko la ndani peke yake. Baada ya miaka 3, zilifaulu asilimia 95.3 ya konea zilizohifadhiwa hadi siku 7, na asilimia 92.1 ya zile za siku 8 hadi 14.

JICHO LINALOPOKEA

Hapa ndipo penye uzito kwetu. Hesabu hizo nzuri ni za wagonjwa ambao konea zao zilichoka au kuvimba. Wao hawakuunguzwa na chokaa. Konea yenye afya haina mishipa ya damu, na hiyo ni sababu moja inayofanya mwili uipokee konea ya mtu mwingine kwa urahisi kuliko figo. Jicho lililoungua huota mishipa, na kupitia humo mwili huitambua konea ngeni na kuishambulia. Tena kuungua huua chembe za ukingoni zinazozalisha ngozi ya juu ya konea. Pasipo hizo, hata konea bora kuliko zote haitadumu. Mbegu njema katika shamba lililoungua haioti.

Baada ya upasuaji safari ni ndefu: matone ya dawa kwa miezi mingi, nyuzi zinazoweza kukaa mwaka na zaidi, na jicho ambalo pigo dogo laweza kulipasua pale liliposhonwa. Likiwa jekundu, likiuma, likiogopa mwanga au likipungukiwa na uwezo wa kuona, ni lazima lionwe na daktari siku hiyo hiyo.

UHABA

Uchunguzi wa dunia nzima uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha watu milioni 12.7 wakisubiri, na konea moja tu kwa kila 70 zilizohitajiwa. Sri Lanka, iliyoanzisha chama chake cha kutoa macho mwaka 1961, imekuwa ikipeleka konea nchi nyingi. Ethiopia ilifungua benki yake ya macho mwaka 2003. Hapa Uganda, Sheria ya Utoaji na Upandikizaji wa Viungo ilipatikana mwaka 2023. Sheria imepatikana, lakini konea hutolewa na watu. Tuzungumze na jamaa zetu tungali hai.

MADAI YETU

Kwa hiyo tunasema wazi. Mwajiri atoe miwani ya kujikinga, na maji safi yawe karibu na kila penye chokaa na asidi. Aliyerukiwa aoshwe papo hapo, kwa maji mengi, nusu saa nzima, ndipo apelekwe hospitali. Aliyechomwa na jani au mwiba asitiwe dawa za kienyeji jichoni. Madai ya fidia yasifungwe kwa ahadi ya upasuaji, na aliyepandikizwa apewe ruhusa, nauli na kazi isiyohatarisha jicho lake.

Konea njema ni zawadi ya marehemu, na haipatikani kila mtu anapoihitaji. Konea uliyozaliwa nayo haina mfano wake. Wawakilishi wa matawi, ikagueni miwani na mabomba ya maji wiki hii.