Ulimi Ndani ya Kompyuta

Haya wanangu, mmoja wenu aseme polepole: Buyenzi. Kwenye "Bu" midomo imefungana, ulimi umerudi nyuma. Kwenye "ye" umeinuka ukaja mbele. Mkifika "nzi", ncha yake imegusa ufizi nyuma ya meno ya juu. Kazi yote hiyo kwa jina la mtaa mmoja tu wa Bujumbura!

Ulimi hauna mfupa, husema wazee wakimwonya msemaji ovyo. Na kweli hauna: ni misuli ya aina 8, na aina nyingi zina wa kulia na wa kushoto. Ubinye huku, utatuna kule, kama unga wa mandazi mkononi mwa mpishi. Ndio utamkao maneno, ndio usukumao tonge kooni.

Sasa saratani ikiota hapo, mara nyingi daktari huukata uvimbe pamoja na nyama kidogo isiyo na ugonjwa inayouzunguka. Pengo likiwa kubwa, huchukua kipande cha ngozi na nyama, pengine mkononi mwa mgonjwa mwenyewe, akakishonea pale. Kiraka hicho hujaza nafasi, ila hakijikunji kama msuli wa ulimi. Ndipo mgonjwa huuliza: "Daktari, nitaweza kuongea? Nitameza?"

Huko Grenoble, Ufaransa, Stéphanie Buchaillard, Pascal Perrier, Yohan Payan na wenzao walilishughulikia swali hilo. Mwaka 2007 walieleza jinsi walivyounda ulimi ndani ya kompyuta, wakaugawa vipande vidogo vidogo, kompyuta ikakokotoa kila kipande kinavyonyooka na kubonyea misuli inapovuta. Wakauondoa nusu, wakatia kiraka laini, kisha kigumu, wakaangalia mwendo unavyobadilika. Kwenye kompyuta unakata, unarudisha, unakata tena. Tone la damu halimwagiki. Watafiti wa Amsterdam nao wamefuata njia hiyo, wakitaka matokeo ya kila mgonjwa yakadiriwe kwa mfano wa ulimi wake mwenyewe.

Hata hivyo, mashine haiwezi kupima ubishi wa binadamu. Mtu akifanya mazoezi ya kutamka kila siku, misuli iliyobaki hujifunza njia mpya.

Na liko jambo lisilohitaji kompyuta: uvimbe ukiwa mdogo, kinachokatwa nacho huwa kidogo. Kwa hiyo mkimwona babu anayevuta tumbaku ana kidonda ulimini, kimepita wiki 3 bila kupona, msikubali akisema hakimuumi. Mwambieni baba ampeleke hospitali.